Mstari wa Tano

Barua ya wakaguzi wa kodi ilifika Jumanne, na hadi Alhamisi hakuna ubao uliokuwa umepigwa randa katika karakana ya Bi Kabati. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa kwa sababu ya makabati yake, mazito kiasi kwamba mpangaji akihama aliona heri amuuzie anayeingia kuliko kujivunja mgongo. Sasa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye vumbi la mbao, amezungukwa na madaftari ya miaka mitano: mauzo, mbao, gundi, misumari, umeme. Barua ilitaka vyote hivyo, pamoja na daftari la mishahara, Jumatatu saa tatu asubuhi.

Mhasibu aliyemkodi alikuwa mzee mwembamba mwenye tabia ya kulowesha kidole kila anapofunua ukurasa. Mauzo hayakumsumbua hata kidogo.

"Dada, wewe umejipanga," alisema. "Nina mteja huniletea risiti zake kwenye ndoo, na ndoo yenyewe inavuja."

Bi Kabati alicheka kidogo. Kisha mzee akafungua daftari la mishahara, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Huyu wa mstari wa tano, fundi msasa. Mimi nimeona mafundi wanne tu humu ndani. Yuko likizo?"

Bi Kabati akajifanya anatafuta kalamu, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Fundi huyo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Kazi yake ilikuwa kulainisha mbao kwa msasa mpaka zikateleza, ndiyo maana wote walimwita Msasa, hata mama. Alifariki miaka minne iliyopita, siku yake ya mapumziko. Dada yake alimpigia simu aje kusaidia kupeleka kabati kwa mteja mwenye haraka. Alikataa. Akampigia tena, akakataa tena. Mara ya tatu Bi Kabati alimwambia, "Unaringa nini? Kazi yenyewe nusu saa tu." Akaja. Alipanda nyuma ya gari kulishikilia kabati, na walipokuwa wakipanda kilima kamba ikakatika, kabati likamwangukia. Habari ya kabati kila mtu aliijua. Ya simu tatu Bi Kabati hakumwambia mtu, na maneno yale yalikuwa yakimla ndani kwa ndani.

Mwisho wa mwezi ule aliketi kuandika mishahara. Kalamu ilipofika mstari wa tano, hakuweza kuuruka. Msasa alipokuwa hai alikuwa akimkabidhi mama bahasha yake nzima nzima, halafu wiki mbili zinazofuata anaombaomba nauli. Basi Bi Kabati akatia pesa zile kwenye bahasha, akaipeleka kwa mama. "Mshahara wa Msasa," alisema, macho ukutani. Mama yule, ambaye hapokei hata kilo ya sukari bila kuuliza imetoka wapi, aliipokea kimya, akatia sahihi kwenye daftari. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, na uliofuata, mpaka ikatimia miezi arobaini na minane. Hakuna kati yao aliyewahi kuligusa jambo hilo kwa maneno.

"Alifariki," Bi Kabati alisema mwishowe.

Mhasibu akavua miwani, akauliza tarehe, akaanza kuhesabu kurasa. "Na kodi ya mshahara wake umekuwa ukilipa?"

"Kila mwezi."

"Lo! Marehemu analipa kodi kwa wakati, na mimi nina wateja wazima wa afya wanaonikimbia barabarani." Kisha akauona uso wa Bi Kabati. "Nisamehe, dada. Ulimi hauna mfupa."

Akamweleza polepole, maana alikuwa mtu mwema licha ya ulimi wake. Mkaguzi angeuliza swali lile lile. Mshahara wa mtu asiyekuwepo ulikuwa umepunguza faida kwenye hesabu, na faida ikipungua kodi ya biashara nayo hupungua. Kwao hiyo ni hila, na karakana inaweza kufungwa. Lakini mwenye biashara akijisema mwenyewe kabla hawajafika, atalipa pengo na faini, na mambo yataisha. Kulikuwa na fomu ya kujaza. Na aliyekuwa akipokea pesa lazima naye aje aandike.

"Mama yangu?"

"Kama sahihi ni yake."

Siku hiyo Bi Kabati hakula. Faini haikumtisha sana. Angeuza mashine moja, maisha yangeendelea. Kilichomtisha ni mwisho wa mwezi. Kwa miaka minne alikuwa akiingia nyumbani kwa mama akiwa na kitu cha Msasa mkononi. Mstari wa tano ukifutwa, ataingia kama nani? Kama dada aliyempigia mdogo wake simu mara tatu, basi. Na mama akimfungia mlango, atakuwa na haki.

Ijumaa asubuhi mama alikuja, amevaa viatu vyake vya kwendea ofisini. Mhasibu akamwamkia, akamkalisha kwenye stuli ambayo bado haijapakwa vanishi, akasoma fomu kwa sauti. Alipofika penye "sababu ya kuacha kazi", mama alimkatiza.

"Hakuacha. Andika alifariki. Andika alikuwa kazini."

"Mama," Bi Kabati alisema, na sauti ikamponyoka, "hakuwa kazini. Ilikuwa siku yake ya kupumzika. Mimi ndiye niliye..."

"Ulimpigia mara tatu. Najua."

Mhasibu akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbao uani, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Alipita kwangu kwanza," mama akasema. "Alikuwa akinung'unika, kama kawaida yake. Dada ananiendesha kama punda, anasema naringa. Nikampa chai, akanywa, akaondoka anacheka."

"Umejua siku zote?"

"Tangu siku ile ile."

"Sasa kwa nini ulikuwa ukizipokea pesa zangu?"

Mama alimgeukia. Alikuwa amezeeka sana, na Bi Kabati, aliyezoea kutazama ukuta, ndiyo kwanza alikuwa akiliona hilo.

"Nilipokuona mlangoni na ile bahasha, nilijua una deni moyoni. Nikasema, nikizikataa nitamuua na huyu. Wacha alipe, akishalipa atapumzika. Nimekungoja miaka minne upumzike, mwanangu, na kila mwezi unakuja umekonda zaidi. Mimi sikudai. Hata siku moja sijakudai."

Bi Kabati akajaribu kujikaza akashindwa. Alilia kwa sauti, mafundi wote wanne wakasikia, na hakujali. Mama hakumnyamazisha. Aliivuta fomu, akaandika tarehe aliyofariki Msasa, akaandika saa pia, ingawa fomu haikuuliza saa. Kisha akatia sahihi.

"Mwisho wa mwezi uje," alisema. "Uje mikono mitupu."