Mayi ya Kutoa Kobalti

"Falonne, unasema banakutia mayi wapi?"

"Mama, usijifanye haujue," binti yake akacheka. "Weye ulipiga batoto ba kartie yetu yote poire, ile mupira ya kutia mayi ya majani ku matako. Njo bile bile. Ila kwa Marlène, kule banasafisha batu tumbo, kuko mashini, kitanda na muziki. Anasema mayi inapita mu tumbo, inatoa kobalti yote. Unaona weye mwenyewe mu mupira ya mashini, inatoka nyeusi-nyeusi."

"Ile ni majani ya sombe ulikula jana, mwanangu."

Falonne aliacha kucheka. Alishika tumbo chini ya kikwembe: miezi tatu, na mama yake peke yake njo alijua. Mutoto wake wa kwanza alizaliwa na mugongo wazi, akaishi siku tano. Daktari alimuuliza Falonne tu anafanya kazi gani. Anaosha mawe ya kobalti mu muto. Tangu siku ile Falonne aliwaza paka kitu moja: ile vumbi iko ndani yangu, itoke.

Mama yake, Agnès, alijua poire. Inatoa mavi na hewa, basi. Mahali mutoto analala, haifike. Na mwanamuke wa mimba, hata bazee ba Agnès habakumupiga poire.

"Ulimwambia Marlène uko na mimba?"

"Atanikatalia."

Asubuhi Agnès akamufuata kwa Marlène. Ndani, Marlène alikuwa anavaa glavu.

"Mama Agnès! Weye pia unakuya kusafishwa?"

"Mi njo nilikusafisha weye ungali mutoto, tena ulilia kartie yote ikasikia. Huyu eko na mimba."

Banamuke ku benchi bakainua vichwa. Mimba ya miezi tatu haitajwe mbele ya batu. Agnès alijua, na alisema kwa sauti.

Marlène akavua glavu. "Basi hapana. Mwingine aingie!"

Ku barabara Falonne akamugeukia mama yake. "Umenitangaza. Huyu naye akizaliwa vile, usikuye ku maziko."

"Acha muto, mwanangu. Kule njo ile vumbi inaingilia."

"Tukule nini? Ile poire yako ilitulisha siku gani?"

 Falonne akabeba mufuko yake, akashuka ku kazi.

Jua ilipokuwa kichwani, Agnès naye akafika ku muto. Akavua viatu, akafunga kikwembe juu, akaingia mu mayi. Akamunyang'anya binti yake mufuko ya mawe.

"Toka. Mi nilisha maliza kuzaa."

Falonne akapanda ku ukingo.  Alikaa, akamupa mama yake mugongo.