Jumamosi Saa Nne

Mheshimiwa Cornel alikuwa hajashuka vizuri kwenye gari, watu wa kijiji kile cha Masieda wakaanza kumshukuru, na shukrani zenyewe zilikuwa za mambo asiyoyajua.

Wa kwanza alikuwa Yohanes, mkulima wa vitunguu saumu, aliyemshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia kwamba ushauri wake wa mwaka jana umewaokoa. Si aliwaambia wasikae wakisubiri daraja, wapange mawe makubwa korongoni kabla ya mvua ili watoto wavuke? Basi walipanga, na masika yote hakuna mtoto aliyekosa shule. Mama mmoja akapenya katikati ya watu kusema kwamba binti yake, Marieta, amerudi darasani. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari, lakini aliposikia mbunge amemtaja binti kwa jina na kusema mtoto asiozwe, aliona aibu, akawarudisha. Cornel alitabasamu lile tabasamu ambalo mbunge asipozaliwa nalo hujifunza ndani ya wiki mbili, akasema tuko pamoja, tuko pamoja. Hakuwahi kusema neno lolote kuhusu mawe. Na huyo Marieta, yeye Cornel hakumjua kwa sura wala kwa jina.

Kisha akaja Nikolausi, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, naye hakuwa na shukrani. Alisema tangu mzee Basili aanguke, mwezi wa nne, maneno ya mbunge hayafiki tena kijijini, na ndiyo maana mambo yameharibika. Yohanes amevuta maji ya chemchemi kwa mpira hadi kwenye vitunguu vyake, na ng'ombe wanafika wanakuta tope. Yohanes akadakia kwamba ng'ombe ndio wanaokanyaga chemchemi mpaka inaziba. Wiki mbili zilizopita watoto wao walishikiana mapanga, na wazee wakawatenganisha kwa sharti moja tu: wasubiri mbunge aseme. Mkutano ni leo saa nane mchana.

"Utakalosema wewe tutalifuata," Nikolausi alisema. "Tumezoea hivyo."

Cornel akauliza mzee Basili aliangukia wapi. Wakamwangalia kidogo, kama mtu aliyeuliza jua linachomozea wapi. Aliangukia kilimani, wakamwambia, akitoka kuzungumza na wewe.

Hapo ndipo jambo lote lilipomfungukia, na likamchoma.

Miaka minne nyuma, Cornel alikuwa mgombea mgeni mwenye viatu vipya, na watu wa Masieda walishachoka na wanasiasa wa kuonekana wakati wa kura. Mzee Basili ndiye aliyesimama mkutanoni. Yeye na marehemu Tadeo, baba yake Cornel, walilima kwa jozi moja ya maksai, kila mmoja akitoa dume lake, kwa miaka kumi na mitano. Alisema kijana huyu anamfahamu, na kama akiwasahau wasimlaumu kijana, wamlaumu yeye. Cornel naye, kwa joto la siku ile, akatoa namba ya simu mbele ya watu wote na ahadi ambayo hakuna aliyemwomba: kila Jumamosi saa nne asubuhi, simu hiyo ataishika mwenyewe. Mtandao kijijini haukuwepo ila juu ya kilima cha nyuma, kwa hiyo wakamchagua Basili awe anapanda kwa niaba ya wote. Haukupita muda kile kilima kikapata jina. Mzee akionekana anapanda, watu walisema amekwenda kwa Cornel.

Mwaka wa kwanza alipokea, tena kwa furaha. Basili alianza na habari za mvua na mifugo, bila haraka, na upepo ukivuma nyuma ya sauti yake, kisha akatoa shida za watu moja moja bila karatasi. Halafu Jumamosi moja kukawa na semina. Nyingine kukawa na safari, nyingine harusi ya mheshimiwa mwenzake. Simu akampa Evelyne, katibu wake Dodoma, na Evelyne, aliyekuwa na kazi za watu watatu, akaiweka ijibu yenyewe kwa ujumbe na kuiacha kwenye droo, ikiwa kwenye chaja. Tusimsingizie Evelyne. Cornel alijua, na maneno ya ule ujumbe aliyatunga mwenyewe. Alijiambia kwamba mzee akiona hapokelewi atatafuta njia nyingine, na jambo la kujiambia namna hiyo halina gharama, unaweza kulirudia miaka mitatu bila kuchoka.

Aliwaacha watu na gari, akaenda kwa Basili kwa miguu.

Mama Mectilda, mke wa mzee, alikuwa uani akipepeta maharage. Cornel akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba bila kusimamisha ungo, akaelekeza mlango kwa kidevu. Ndani mzee alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, blanketi hadi kifuani. Nyonga ilivunjika, na haikuunga vizuri. Alikuwa amepungua sana. Cornel alipiga magoti, akamshika mkono, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Cornel. Umenenepa," mzee alisema. "Vizuri. Watu hawapendi mbunge mwembamba."

Cornel akamwuliza moja kwa moja kuhusu mawe, na Marieta, na mengine yote ambayo inasemekana ameyasema. Mzee hakuona haya. Alieleza kama anavyoeleza mtu namna ya kufunga nira. Simu ilipoacha kupokelewa, Jumamosi ya kwanza alishuka akasema mtandao mbaya. Ya pili akasema hivyo hivyo. Ya tatu aliwakuta watu wanamngoja chini ya kilima, na yule aliyemdhamini mbele yao alikuwa mtoto wa rafiki yake. Akashindwa kuwaambia hakupokelewa.

"Nikawa napiga, inaita mpaka inakatika," alisema. "Halafu nakaa pale juu muda ule ule ambao tungezungumza. Najiuliza, yule mtoto wa Tadeo ninayemjua mimi, angesema nini kwenye jambo hili? Nikipata, nashuka, nawaambia amesema hivi."

"Kwa nini hukuwaambia ukweli, baba?"

"Nilikudhamini," mzee alisema, kana kwamba neno hilo lilitosha. Kwake lilitosha.

Cornel alikaa chini kwenye sakafu, mheshimiwa mzima na suruali yake ya kitambaa kizuri. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alisema saa nane atasimama mbele ya kijiji aseme yote: kwamba hakupokea simu, kwamba maneno yale yalikuwa ya Basili, na sifa wampe mwenyewe. Alisema kwa haraka, na ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kujisikia nafuu kwa kuyasema tu.

Mzee alimwacha amalize.

"Ukisema hivyo, Marieta anaozwa wiki ijayo," akasema. "Baba yake hakumwogopa Basili. Na mimi watasema nimewadanganya miaka mitatu, na itakuwa kweli. Wewe utaondoka na gari lako, umetua mzigo. Sisi tutabaki nao hapa."

Nje ungo ulikuwa umenyamaza. Mectilda alikuwa anasikiliza.

Basili akaingiza mkono chini ya mto akatoa simu ndogo ya batani, namba zake zimefutika kwa vidole, imefungwa kwa mpira mwekundu. Akamwekea Cornel kiganjani. Alisema leo ni Jumamosi, na saa nne haijafika. Apande. Amweleze Cornel habari za chemchemi.

Hakukuwa na utani machoni mwake, na Cornel hakuthubutu kukataa.

Njia ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, mawe yalikimbia chini ya viatu, na mara mbili alishika ardhi kwa mikono. Alipumzika njiani mara tatu, yeye mwenye miaka arobaini na sita, akawa anahesabu: sabini na mbili, mzee alikuwa na miaka sabini na mbili. Juu kabisa palikuwa na jiwe bapa, na mbele yake nyasi zilikuwa zimekwisha mahali miguu ya mtu mmoja inapokaa. Akakaa pale. Akafungua orodha ya simu zilizopigwa. Jina lilikuwa moja, kutoka juu hadi chini: Cornel wa Tadeo.

Saa nne kamili akalipiga.

Iliita. Aliiona ile droo Dodoma, ofisi imefungwa, simu inatetemeka juu ya karatasi. Alijua hakuna wa kupokea, na bado, ilipoita mara ya tano, alijikuta amekaza sikio na anaomba ipokelewe. Ikakatika. Baada ya muda mfupi ujumbe ukaingia. Asante kwa kuwasiliana na ofisi ya mbunge wako. Jambo lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Aliusoma mpaka mwisho, ingawa aliujua kwa moyo. Siku alipoutunga alijiona amepata maneno mazuri.

Basi akakaa, kama mzee alivyokuwa anakaa. Akajaribu kujiuliza Cornel angesema nini. Lakini hakujua ng'ombe wa Nikolausi ni wangapi, wala hakujua chemchemi ilipo, kwa kuwa kutoka pale juu aliona mahali patatu panne penye miti ya kijani na popote pangeweza kuwa ndipo. Hakujua Yohanes ana watoto wangapi wanaokula kutokana na vile vitunguu. Maneno yaliyomjia yalikuwa yale ya kwenye ujumbe: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Chini, kwenye kiwanja cha shule, watu walikuwa wameshaanza kupanga madawati ya mkutano, wengine wamesimama wakiangalia juu kilimani. Walimwona. Kwa umbali ule hawakumtambua, na kwa mazoea walionekana kufurahi kwamba kuna mtu amekwenda kwa Cornel.

Alishuka polepole, akipita kwa kukaa mahali ambapo udongo ulikuwa umemomonyoka. Hakutaka kujiuliza kama ndipo mzee alipoangukia.

Mectilda alikuwa amemwekea chai ya maziwa kwenye kigoda. Mzee alifumbua macho.

"Amepokea?"

"Hajapokea, baba."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua haijanyesha. Cornel akamrudishia simu, ikiwa imefungwa mpira wake vile vile, akabaki amesimama. Alisema amekaa kule juu saa nzima na hana la kuwaambia watu. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya mheshimiwa hata kidogo.

"Wewe ungewaambia amesemaje?"

Basili aliinua macho kwenye paa la mabati. Nje watu wawili watatu walikuwa wameshafika uani, wakamsalimu Mectilda, wakamwuliza kwa sauti ya chini kama neno limepatikana.

"Sijui, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Nimelala hapa miezi mitatu namwuliza yule mtoto wa Tadeo. Siku hizi na mimi hanipokelei."