Muasya wa Thika na Muasya wa Ruiru

Mwanzoni mwa mwaka wa 1996, kiwanda kimoja cha mablanketi Thika kilianza kupanga kazi kwa kompyuta. Maggie, karani, aliingiza majina kwa vidole viwili, printa ikalia kutwa, na karatasi yenye mistari ikabandikwa langoni. Mstari mmoja ulimweka fundi Muasya kwenye boila ya Thika, Jumatatu saa mbili asubuhi. Mstari wa chini yake ulimweka kwenye boila ya tawi la Ruiru, saa hiyo hiyo.

Muasya alienda ofisini kusema kuna makosa.

"Kompyuta haikosei, fundi," alisema meneja, Bwana Muriithi, bila kuinua macho. "Jipange."

Jumatatu saa mbili Muasya alikuwa Thika akifungua vali, na alikuwa Ruiru akifungua vali. Walinzi wa mageti yote mawili walimwandika kitabuni. Ovaroli ilikuwa moja, kwa hiyo yule wa Ruiru alifanya kazi amevaa koti la mvua. Muriithi alisema haya ndiyo maendeleo. Mtu mzima, amesoma, ana tai shingoni, na anasema hivyo.

Jioni wote wawili walirudi nyumbani Kalimoni. Ndila, binti yake wa pekee, aliongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Alikuwa ameitwa Form One, shule ya bweni, na sanduku lake la bati lilikuwa tayari mlangoni. Barua ilisema aripoti Alhamisi kabla ya saa kumi, na mzazi aweke sahihi. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Mama yake alishafariki. Mzazi alikuwa Muasya tu.

Jumanne, Muasya wa Thika aliomba ruhusa ya siku moja.

"Pole, baba Ndila," Maggie alisema. "Hii kitu inakubali leave kwa saa iliyo wazi, na wewe umejaa wiki yote."

"Lakini tuko wawili. Mmoja aende."

"Jina ni moja. Mmoja akikosa, inaandika mmetoroka wote, na barua ya kufutwa inajitoa yenyewe."

Alhamisi Ndila alipelekwa na jirani, Wangeci. Saa kumi na mbili walirudi na sanduku. Jirani si mzazi, waliambiwa. Miaka minane ya kusoma kwa koroboi ikaishia hapo, kwa sababu ya karatasi. Siku hiyo Muriithi hakuwa ofisini. Alikuwa amempeleka mwanawe Form One kwa pikapu ya kampuni. Wakubwa hawamo kwenye mistari. Inaudhi, na mwenye moyo hawezi kuisimulia kwa upole.

Ndila aliwatazama baba zake.

"Mko wawili," alisema, "na hakuna aliyekuja."

Walikula.

Ijumaa karatasi mpya ilibandikwa langoni. Muasya alikuwa amepewa mstari wa tatu, wa ghala la Juja. Jioni Ndila alipakua sahani nne. Viti vilikuwa vitatu, kwa hiyo baba wa tatu alikalia sanduku la shule.