Springi za Upande wa Kushoto

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, gerejini kwake Saateni, mjini, fundi Ridhwan aliipandisha Corolla ya mwaka 1983 juu ya mizani nne, kila gurudumu na mizani yake. Kwenye kiti cha dereva aliweka mifuko ya mchanga ya kilo themanini na mbili, kwa sababu huo ndio uzito wa Hamoud, mwenye gari, na gari ya mbio hupimwa pamoja na dereva wake. Kwenye kiti cha kushoto alikuwa amekaa Riyama wa Jambiani, aliyefariki mwezi Machi. Yeye hakuhitaji kuwekewa mchanga.

"Hujambo, Riyama?"

"Sijambo, fundi. Tumefika?"

"Bado."

Riyama alikuwa na kilo sitini na tatu, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Kila baada ya dakika nne mshale wa mizani ya kushoto ulitikisika, kisha ukatulia. Ridhwan alisubiri utulie ndipo akaandika. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka milimita saba.

Hamoud alifika na Vespa yake kutoka Mji Mkongwe, akaizunguka gari mara moja.

"Imeinama kama mtu mwenye jipu."

"Ina abiria, bwana."

"Abiria nshamuona. Mie nataka springi."

Ridhwan alimwonyesha jozi mbili. Za kwanza zilikuwa ndefu na laini. Zingeinua gari mpaka milimita mia na thelathini kutoka chini, lakini kwenye kona ingeyumba. Za pili zilikuwa fupi na ngumu. Hizo zingeishusha gari na kuikaza, ila barabarani isingefaa tena. Mbio zilikuwa Jumapili, kwenye uwanja ulio mbele ya Jambiani. Hamoud alisema atatoa jibu Alhamisi.

Jumatano alikuja Bi Mize, mama yake Riyama.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu."

Alifungua mlango wa kushoto, akamshika binti yake mkono. "Shuka twende zetu nyumbani."

"Sijafika, mama."

Bi Mize hakubishana naye. Alimfuta jasho kwa upindo wa kanga, akafunga mlango, akamgeukia fundi.

"Hivi hii gari haiwezi kuinuliwa? Mwambie Hamoud ampeleke hospitali. Afike tu. Akishafika, mie nitamchukua."

"Gari ni yake, Bi Mize. Na funguo anazo yeye."

"Basi we' mwambie. Mie nshamwambia mara moja."

Mara hiyo moja ilikuwa mwezi Machi, pembeni ya barabara ya Jambiani. Hamoud alikuwa akirudi kutoka kwenye mazoezi, peke yake. Bi Mize alimsimamisha. Riyama alikuwa amekaa juu ya jiwe, uchungu umeshamkaza, na teksi waliyoagiza haikuwa imetokea. Hamoud alishuka, akachuchumaa, akatazama chini ya gari. Alieleza kwa adabu kwamba gari iko milimita tisini na tano tu kutoka chini, kwamba mpaka mjini kuna matuta kumi na moja, na kwamba akiongeza mtu, bakuli la oili lililo chini ya injini litapasuka na wote watakwama njiani. Alimpigia simu mtu mwenye gari. Simu hiyo aliipiga kweli. Gari ilifika baada ya saa moja na dakika arubaini. Riyama na mtoto walizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi, na kesho yake asubuhi Riyama alikuwa ndani ya Corolla, amefunga mkanda.

Bi Mize alipoondoka, Ridhwan alichukua ubao, kamba na futi, akapanda pikipiki, akayapima matuta yote kumi na moja. Alitaka kujua springi ndefu zingetosha au la. Tuta kubwa kuliko yote lilihitaji milimita themanini na nne. Aliporudi akafanya hesabu juu ya boneti: tisini na tano, toa saba za Riyama, zinabaki themanini na nane. Akairudia. Jibu lilikuwa lilelile.

Alhamisi alimpa Hamoud karatasi.

"Ingepita," alisema Ridhwan. "Kwa springi zilezile. Milimita nne zingebaki."

Hamoud aliisoma karatasi taratibu. Alikuwa mtu aliyeheshimu vipimo.

"Siku ile nani alikuwa na hesabu hii?"

"Hakuna."

"Basi." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Na hizi namba za mizani ni sahihi?"

Zilikuwa sahihi. Miaka yote uzito ulielemea kulia, upande wa dereva, na springi za zamani zilifungwa kufidia hilo. Sasa, akiwepo Riyama, uzito ulikaribia kulingana pande zote mbili, na kona za uwanja ule karibu zote zilikuwa za kushoto, ambako uzito wa upande huo huikaza gari chini.

"Tia zile ngumu," alisema Hamoud. "Ya kushoto ipandishe kidogo, gari ikae sawa akiwemo yeye. Ishushe yote mpaka themanini."

"Themanini haivuki matuta, bwana."

"Nitakodi lori."

Ridhwan alifunga springi. Alipomaliza alipima pembe zote nne: themanini, themanini, themanini, themanini. Sasa ilikuwa kweli kwamba gari haiwezi kupita.

Jumapili Hamoud alizunguka uwanja mara kumi na mbili, na kila mzunguko ulikuwa wa kasi kuliko wowote aliowahi kuandikiwa. Riyama alishika mpini juu ya mlango. Kila walipopita mstari aliuliza kama wamefika, na Hamoud, asiyependa kusema uongo kwenye jambo linalopimika, alimjibu bado. Bi Mize alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Watu walimpongeza Hamoud, wengine wakampongeza na fundi.

Jioni lori liliibeba gari kurudi gereji ya Saateni. Ridhwan alikaa mbele na dereva. Walivuka matuta yote kumi na moja bila kukwaruza, na walipoingia mjini njia yao ilipita mbele ya lango la hospitali. Hapo Riyama alifungua mkanda, akavuta kitasa. Mlango ulifunguka kiasi cha vidole viwili, ukazuiwa na kamba zilizofunga gari. Ridhwan aliona kwenye kioo cha pembeni. Dereva alikuwa ameambiwa Saateni, akaenda Saateni.