Maji ya Tangi Namba Nne

Saa mbili kamili asubuhi wafanyakazi kumi na wawili wa maabara ya maji walivua viatu mlangoni, wakavipanga ukutani, wakaingia stoo ya kemikali kufumba macho. Stoo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa tupu. Kemikali za kupimia maji zilikuwa hazijafika tangu mwezi uliopita, na rafu zilipotolewa ilionekana kwamba mikeka kumi na miwili inaenea bila mtu kumpiga mwenzake kiwiko.

Kipindi hicho kililetwa na uongozi baada ya watu wawili kuanguka kazini kwa presha. Kwenye tangazo kiliitwa taamuli. Mwalimu wake, mama mrefu mwenye sauti ya kubembelezea watoto, aliwaambia wafuate pumzi zao mpaka ndani wala wasiwe na haraka, kwani ndani ya kila mtu yumo yeye mwenyewe, anangoja kutembelewa. Dereva wa gari la sampuli alisema kama ni mwenyewe wake, basi amelala na asisumbuliwe. Baada ya dakika tano alikuwa anakoroma.

Mpimaji alikaa mkeka wa mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kalamu mbili mfukoni. Mtaani walimwita Mzee Chupa kwa sababu ya chupa za sampuli alizotembea nazo, si kwa sababu nyingine, maana hajapata kuonja kitu kikali kuliko chai ya tangawizi. Kiburi chake kilikuwa kimoja tu, maji. Nyumbani kwake alikwisha kupiga marufuku kuchemsha maji ya kunywa. "Kuchemsha maji niliyopima mimi ni kunitukana," alikuwa akimwambia binti yake, na binti yake, ambaye alilelewa vizuri, hakubishana naye hata alipoolewa mtaa ule ule.

Siku mbili za mwanzo hakuona kitu ila giza. Siku ya tatu pumzi ilimshusha ngazi za chuma, vipandio kumi na vinne, akavihesabu kwa mazoea, mpaka kwenye ukingo wa saruji. Mbele yake kulikuwa na maji, naye akayakanyaga bila kukusudia. Mwalimu alipogonga kengele na macho yakafumbuka, suruali ya mpimaji ilikuwa imelowa mpaka magotini na mkeka unachuruzika.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Umefika mapema. Wengine huchukua miezi."

Mfagizi alileta tambara la kudekia huku ananuna. Wiki ile ile alikuwa amekwisha kufagia mchanga uliotoka kwenye soksi za karani wa mapokezi, na manyoya ya kuku yasiyojulikana ni ya nani. "Watu wazima," alisema, "mnachafuka mkiwa mmekaa."

Sasa, mpimaji hakuwa mtu wa kuona maji akayapita. Kesho yake aliingia stoo na chupa ya sampuli iliyochemshwa na kufungwa karatasi, akaishika mapajani, akafumba macho, akashuka. Alichota kama inavyotakiwa, mdomo wa chupa ukitazama yanakotoka maji, akaacha nafasi ya vidole viwili juu. Aliporudi chupa ilikuwa imejaa. Alitoa kalamu aandike kibandiko, akakuta kibandiko kimeshaandikwa. Kilisema tangi namba nne, Jumanne, na tarehe ya miaka sita iliyopita. Mwandiko ulikuwa wake.

Hapo inafaa kueleza jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Fomu ya kila siku ilitakiwa kufika chumba cha pampu kabla ya saa nne. Fomu yenye nafasi tupu haikupokelewa, kwa kuwa nafasi tupu maana yake maji hayajapimwa, na maji yasiyopimwa hayasukumwi, na pampu ikizimwa mji mzima unapiga simu. Kwa hiyo, tangu zamani, kemikali zinapokwisha huandikwa maneno mawili: kama jana. Jana nayo ilikuwa kama juzi. Mpimaji alifundishwa hivyo na mzee aliyemtangulia, naye amewafundisha wengine watatu, na hakuna kati yao aliyeona kwamba anasema uongo. Waliona wanaazima tu mpaka kemikali zifike.

Alifungua daftari la miaka sita iliyopita. Jumanne ile ilikuwa siku ya kumi na moja ya kama jana. Zilikuja kufika kumi na tisa.

Kwenye droo yake kulikuwa na kipimo kimoja kilichobaki, kimefungiwa kwa ajili ya siku ya wakaguzi. Akakitumia kwa maji ya chupa ile. Aliweka sahani kwenye kabati la joto, na kesho yake alipoitoa vijidudu vilikuwa vimeota ukingo mpaka ukingo, havihesabiki. Aliandika kwenye karatasi pembeni: hayafai kunywewa na binadamu. Kisha akakaa kwenye stuli.

Alishtuka kweli kweli. Si kwa kuwa na tangi ndani yake, maana mtu akifikisha umri ule hukosi kumkuta na kitu. Alishtuka kwa sababu Jumanne ile aliijua. Alhamisi yake mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alianza kutapika na kuharisha, na Jumapili walimzika.

Alikuwa na miaka minne. Babu yake alimwita Mwenye Nyumba, kwa jinsi alivyopita vyumbani mikono kiunoni akiuliza nani kaacha taa inawaka. Msibani mama mkwe wa binti yake alisema mbele ya watu wote, "Mikono ya huyu mwanamke haijui sabuni." Hakuna aliyemnyamazisha. Mpimaji mwenyewe alikuwepo, ameinamisha kichwa, na moyoni alijiuliza kama ni kweli. Kabla ya arobaini mume akamrudisha binti kwa baba yake na cherehani yake na mabegi mawili. Tangu siku hiyo binti alinawa mikono kabla ya kila kitu na baada ya kila kitu, mpaka ncha za vidole zikapasuka. Alikuwa fundi wa nguo, na hariri ilimshinda, kwa vile uzi ulinasa kwenye nyufa za vidole.

Siku iliyofuata mpimaji alishuka tena. Mwenye Nyumba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, miguu majini, na kikombe chake chekundu cha plastiki mkononi. Nyumbani kikombe hicho kilitafutwa mpaka chini ya makabati kisipatikane.

"Babu, umechelewa," alisema, akachota.

"Usinywe hayo."

"Nina kiu."

"Hayajachemshwa, mjukuu wangu."

"Mama amesema hayachemshwi. Babu ameyapima." Akanywa yote, akajifuta mdomo kwa mkono, akampa kikombe amshikie.

Kengele ililia. Mpimaji akafumbua macho kati ya wenzake na kikombe chekundu kiko mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa alikuwa amelowa tayari. Dereva, ambaye alikuwa ameamka, alikitazama kikombe, akasema maji usiyoyafika hujui kina chake, kisha akaenda kuwasha gari.

Mkuu wa maabara alimsikiliza ofisini kwake huku anakamua soksi dirishani. Alikuwa mtu mwema, mwenye kukumbuka siku za kuzaliwa za watu. Yeye alikuwa amelowa mpaka kifuani.

"Na mimi ninalo tangi," alisema. "Langu ni la zamani zaidi. Nakushauri uje na taulo."

"Mkuu, tangi namba nne lilikuwa chafu. Tuliandika kama jana siku kumi na tisa."

"Andika barua, uipitishe kwangu."

"Na fomu ya leo?"

"Kemikali zimefika?"

"Hazijafika."

"Basi umejijibu mwenyewe, mzee wangu."

Barua iliandikwa, ikagongwa muhuri, ikatobolewa matundu mawili na kuingizwa kwenye faili. Ilikuwa barua nzuri. Saa nne kasoro dakika kumi mpimaji alijaza fomu kama ilivyojazwa wiki zote tatu, na chumba cha pampu wakaipokea.

Jioni alimkuta binti yake akipiga pindo la pazia. Aliweka kikombe chekundu juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi. Cherehani ikasimama.

"Umekitoa wapi?"

"Kwa Mwenye Nyumba. Yuko ndani yangu, kwenye tangi namba nne."

Binti alikigeuza kikombe akatazama chini yake, mahali kilipoungua siku moja kwa kuwekwa karibu na jiko. "Hajambo?"

"Hajambo. Ana kiu."

Kisha akamweleza yote, amesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: Jumanne, daftari, sahani, siku kumi na tisa. Alimweleza pia lile la kuchemsha ni kunitukana, kwamba ni maneno yake mwenyewe, na kwamba ameyasikia kwa mtoto. Alidhani binti atapiga yowe, au atamtupia mkasi, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Najua, baba," binti alisema.

"Unajua nini?"

"Nilijua wiki ile ile. Nyumba saba za mtaa wetu waliharisha watoto. Saba, baba, na sisi sote bomba letu moja. Mikono yangu ingefika vipi nyumba saba?"

"Mbona hukusema msibani?"

"Ningesema nini? Kwamba ni baba yangu? Umeinamisha kichwa pale, shati lako umelivaa nje ndani. Nikaona acha waseme mimi. Mimi bado kijana, nitayabeba."

Mpimaji alitafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya kapu la vitambaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa pigo kama hilo, na lilitoka kwa mtu anayemtengea chakula kila siku. Binti aliinuka, akafungua kabati la chini na kutoa sufuria lenye mfuniko. Ndani lilikuwa jeupe kwa chumvi za maji, tabaka juu ya tabaka, kama huwa sufuria lililochemsha maji matupu kwa miaka.

"Maji yako ya kunywa nakuchemshia alfajiri kabla hujaamka," alisema. "Nayapooza, nayarudisha kwenye jagi. Miaka sita sasa. Sikutaka uone nakutukana."

"Nitakwenda kwa wakwe zako," mpimaji alisema. "Kesho. Nitawaambia ukweli mbele ya watu, kama walivyosema wao."

"Utawaambia maji yalikuwa hayajapimwa?"

"Ndiyo."

"Na leo yamepimwa?"

Mpimaji alizishika kalamu zake mfukoni.

"Leo umeandika nini, baba?"

Pindo la pazia lilikuwa bado chini ya sindano. Nje jirani alikuwa anajaza ndoo, na sauti ya maji iliingia dirishani, mwanzo ikigonga plastiki, kisha ikipoa kadiri ndoo ilivyojaa. Mpimaji aliisikiliza mpaka bomba lilipofungwa. Alijiona mdogo na aliona aibu.

Binti alikwenda kwenye sinki akanawa mikono. Alisugua kati ya vidole, akasugua chini ya kucha, akasuuza, akaanza tena.

"Kama unajua si mikono," baba yake aliuliza, "mbona unanawa?"

"Mimi najua. Mikono ndiyo haijui."

Asubuhi alimpa baba yake chupa ya maji aliyoyachemsha, safari hii mchana kweupe, mbele yake, na kikombe chekundu kimefungwa kwenye leso. Hakusema ni ya nani. Saa mbili mpimaji alivua viatu, akakunja suruali mpaka juu ya magoti, akaketi kwenye mkeka wake na taulo shingoni. Mwalimu alimtazama akasema, kwa furaha, kwamba huyu sasa ameijua njia.

Alishuka vipandio kumi na vinne. Mwenye Nyumba alikuwa amekaa pale pale. Alimpa kikombe, akammiminia, naye akanywa, akadai tena, akanywa, mpaka chupa ikabaki tupu. Alisema haya ni matamu.

Ndipo mpimaji akaona kwamba ukingo umejaa. Walikuwa wamekaa mstari mmoja kuzunguka tangi, watoto na wazee wachache, miguu majini, kila mmoja na kikombe chake. Wengine aliwajua, walikuwa wa zile nyumba saba. Wengi hakuwajua. Wawili wa mwisho, karibu na ngazi, walikuwa hawajazoea mahali, miguu hawajaitia majini, na viatu vyao bado vilikuwa vikavu. Hao jana hawakuwepo.

"Hawa wamekuja lini?" aliuliza.

"Asubuhi hii," Mwenye Nyumba alisema. "Waambie wasiache taa inawaka."

Kengele ililia. Mpimaji alipanda, akafumbua macho, akajikausha miguu kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Alivaa viatu, akaenda mezani kwake, akauliza kama kemikali zimefika. Hazijafika. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akavuta fomu, akachagua kalamu inayoandika vizuri kati ya zile mbili, na kwenye nafasi ya tangi namba nne akaandika: kama jana.