Jina Lisilotajwa Nyumbani

Jumanne ile Lucky alikuja nyumbani saa kumi jioni akiwa amebeba mabuti ya mdogo wangu ndani ya mfuko wa salfeti. Hakuna aliyekuwa ametupigia simu. Lucky ni binti aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye shamba la maua chini ya Ngaramtoni. Alisimama mlangoni, akasema, "Dada Nanyori, mkalishe mama kwanza," nami nikajua.

Mdogo wangu aliitwa Nalepo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi hiyo dawa ya wadudu ilipigwa kwenye banda la maua saa moja. Kwa utaratibu watu hukaa nje mpaka masaa manne yapite, lakini mzigo ulitakiwa uwanja wa ndege siku hiyohiyo, kwa hiyo wakaingizwa saa mbili. Lucky alisema Nalepo alianza kutapika akiwa bado na mkasi mkononi. Wakamlaza nyuma ya stoo ya maboksi. Msimamizi akasema ni njaa, apewe chai. Gari lilipatikana saa saba mchana, na alifia njiani. Kwenye karatasi ya hospitali waliandika kwamba moyo ulishindwa kufanya kazi.

Shamba lilileta jeneza zuri na mchele wa msibani. Hatukukataa. Ni shamba lilelile lililojenga madarasa mawili kwenye shule yetu ya msingi, na ukutani wameandika jina lao kwa rangi ya kijani, kubwa kuliko jina la shule. Baada ya mazishi nilikwenda kuuliza. Afisa wao akafungua orodha, akaniambia Nalepo hamo. Vibarua huletwa na wakala, akasema, nimtafute wakala. Wakala hakupokea simu. Lucky alikuwa bado anafanya kazi pale na ana mtoto wa kulisha, sikumlazimisha kusema lolote.

Kwetu Waarusha, aliyekufa hatajwi jina. Wengi wa rika langu wameacha. Mama hajaacha, pamoja na kwamba hakosi ibada. Mchungaji alilitaja jina kaburini, mama akainamisha kichwa mpaka likapita, na tangu hapo akawa anasema "yule" tu. Mtoto wa jirani mwenye jina hilohilo tulianza kumwita Princess akija kuchukua maziwa. Mwenyewe alifurahi.

Mtu wa kanisani ndiye aliyenielekeza kwa Harleen, mwanasheria, ambaye familia yao ina duka la vipuri mjini tangu enzi za babu yake.

"Huko ng'ambo yanakouzwa maua kuna sheria," Harleen aliniambia. "Kampuni kubwa inayonunua inatakiwa ijue watu wanatendewaje mpaka huku shambani. Haiwezi kusema hayo ni mambo ya wakala."

"Kwa hiyo watakubali?"

"Watauliza, dada. Kukubali ni habari nyingine."

Nilitaka kitu kimoja. Nilitaka iandikwe mahali kwamba Nalepo alikuwepo, alifanya kazi pale, na dawa ndiyo iliyomuua. Tukaandika malalamiko, yakaenda.

Baada ya miezi mitatu mnunuzi alimtuma mkaguzi, kijana anaitwa Calvin. Aliahidi kuja Ijumaa. Akaja Alhamisi, siku ya soko, mimi nikiwa Ngaramtoni nauza maharage. Jioni mama alinisimulia akiwa ametulia, kama mtu aliyefukuza mwizi.

"Alikuja kijana mmoja, ana adabu. Kaniamkia vizuri, nikampa chai."

"Akauliza nini?"

"Akataja jina la yule. Akaweka na la baba yenu juu yake. Marehemu wawili kwa pumzi moja, kikombe changu mkononi!"

"Ukamjibuje, mama?"

"Nikamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akarudia. Nikamwambia, mwanangu, hata ukilala hapa, hakuna. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Si nilifanya vizuri?"

Nilitoka nikaenda kumfunga ndama.

Wiki mbili baadaye Harleen aliniita akanisomea ripoti. Ilisema familia imekana kumfahamu mtajwa, na inapendekezwa shauri lifungwe.

"Nanyori, mmegombana na mama?"

"Hapana. Alikuwa analinda nyumba." Nikamweleza.

Alivua miwani, akafikicha macho. "Bibi yangu hakumtaja babu kwa jina maisha yake yote. Akiulizwa benki jina la mume wake, ananisukuma mimi mbele." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini aliyenukuliwa ni mama, na wa kusahihisha ni mama. Tuna siku kumi na nne."

Nilikaa na neno hilo siku nne. Siku ya tano nilimwomba mama twende ofisini kwa Harleen, ili jina litajwe mbali na nyumba.

"Nikilisikia mjini nitaliacha mjini?" akasema. "Nitarudi nalo. Mlete huyo kijana kwenye simu nimwambie ninachojua."

"Atataka jina."

"Amwulize aliyemwandika kazini."

"Hawakumwandika, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua.

Harleen alimwomba Calvin, naye Jumamosi akapiga simu ya video. Niliiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili watazamane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe tena."

"Ni mimi. Chai yako sijaisahau."

"Uliiacha nusu."

"Nisamehe mama, ilikuwa moto." Akakohoa. "Mama, una watoto wangapi?"

"Nilizaa wawili. Huyu, na yule."

"Yule ni nani?"

"Alizaliwa mwaka wa ukame, nikiwa njiani na maji. Alikuwa na kovu la moto mkono wa kushoto. Alikuwa anaondoka hapa saa kumi na moja asubuhi kwenda kwenye maua yenu. Siku ya mwisho waliyarudisha mabuti kwanza. Andika hivyo."

"Naandika, mama. Ila fomu haiendi mbele bila jina."

Mama aligeuka akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka tu, na aliendelea kunitazama mpaka nikafungua mdomo.

"Nalepo Lengai," nikasema. "Alikuwa mdogo wangu."

Mama akajifunika shuka kichwani, akanyanyuka, akatoka nje. Mlango aliuacha wazi.

"Dada, nimekosea?" Calvin akauliza kwa sauti ya chini. "Mimi ni mtu wa Tanga, ningejuaje? Na siku ile, kwenye fomu hakukuwa na sehemu ya kuandika kitu kama hiki."

"Hata leo haipo. Endelea na maswali."

Yalikuwa yamebaki kumi na tisa. Niliyajibu yote, na jina nikalitaja kila lilipotakiwa.

Kesho yake mama alikunja mashuka yake, akaenda kwa kaka yake kule Oldonyosambu. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema nyumba inahitaji kupoa, na hakusema mpaka lini. Kila Jumapili baada ya ibada ninampelekea unga. Ananipokea vizuri, tunaongea habari za ng'ombe na mvua, kisha ninarudi.

Shauri limefunguliwa upya. Shamba limetakiwa kupeleka karatasi za wakala na daftari la dawa la siku ile. Mnunuzi ana siku tisini za kujibu, na leo ni ya arobaini na moja.