Fimbo ya Mwinyimadi Haikukombolewa

Biubwa ndiye aliyeuona mchanga kwanza. Alikuwa akifagia nyuma ya mlango, mahali mumewe Salumu alipoisimamisha ile fimbo ya gofu, akakuta chini ya kichwa chake cha chuma kibonge cha mchanga mweusi, mbichi, unaonuka oili ya gari.

"Baba Mboni," aliita, "jana ulikwenda wapi na mti huu?"

"Sikwenda kokote."

"Basi umekwenda wenyewe."

Salumu alicheka, kwa kuwa alikuwa Mnyamwezi anayeishi kwa Wazaramo, na Mnyamwezi wa namna hiyo akiacha kucheka hana kazi nyingine. Lakini alipoinama akaushika ule mchanga kwa vidole viwili, kicheko kilimkauka. Kisarawe nzima haikuwa na mchanga wa aina ile. Ulikuwa mahali pamoja tu alipopajua: kwenye kiwanja cha gofu cha shamba moja la mkonge, Kongowe ya Kibaha, mwendo wa kutwa kwa miguu. Huko nyasi zilikataa katakata kulala chini kama zulia, kwa hiyo Wazungu walimwaga mchanga kuzunguka kila shimo na kuunywesha oili chafu usipeperuke, ili mpira ubiringike vizuri. Na huko, juu ya mchanga huohuo, ndiko alikofia mwenye fimbo.

Mwenye fimbo hapaswi kutajwa kwa haraka. Atajwe kwa heshima zake zote, msikilizaji akiwa ameketi vizuri.

Mwinyimadi bin Jumbe, mzaliwa wa Maneromango, alikuwa Mwafrika wa kwanza kiwanjani pale kulipwa mshahara kwa sababu ya kucheza. Wenzake walilipwa kwa kukata mkonge, kwa kubeba mikoba ya fimbo, kwa kutafuta mipira vichakani. Yeye alilipwa kwa kuupiga mpira, na kwa kuwafundisha mabwana na mabibi zao namna ya kutoupiga udongo. Alicheza peku, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda nje kana kwamba kinawaaga wenzake. Kabla ya kupiga alivuta pumzi puani mara mbili, fupi fupi, kisha ukimya. Shimo la tatu, lile la kando ya kichuguu, aliliingizia mpira kwa pigo moja, na akalirudia jambo hilo mwaka uliofuata, Bwana Meneja wa shamba akiwa amegeuka kuwasha kiko. Meneja alimwomba apige tena ili aone. Mwinyimadi akajibu kwa adabu kuwa muujiza si chapati. Alimshinda bingwa mmoja aliyetoka Nairobi na mikoba miwili iliyojaa fimbo, yeye akiwa na fimbo tatu zilizofungwa kwa kamba ya katani. Aliua kanga angani bila kukusudia. Kanga akaliwa klabuni kwa mchuzi, sifa akapewa upepo. Na aliyazunguka mashimo yote tisa kwa mapigo thelathini na manne, rekodi ambayo hapakuwa na mtu, mweupe wala mweusi, aliyeikaribia.

Ubao wa mabingwa uliotundikwa ukutani mwa klabu haukuwa na jina lake. Ulikuwa ubao wa wanachama, na wanachama walivaa viatu.

Hata hivyo katibu wa klabu, Mzungu mwembamba aliyependa ahadi kuliko kuzitimiza, alitamka mbele ya watu sikukuu ya Pasaka mwaka wa hamsini na moja: atakayemaliza kwa mapigo thelathini na matatu, awe nani, jina lake litapanda ubaoni. Mwinyimadi akafika shimo la tisa akiwa na mapigo thelathini na mawili, na mpira umelala mkono mmoja tu kutoka shimoni. Hata mbuzi angeweza kuusukuma. Akasimama, miguu sambamba. Akavuta pumzi mara mbili. Akaipeleka fimbo nyuma kidogo, na moyo wake ukasimama kabla ya fimbo kurudi.

Katibu alivua kofia, akainamisha kichwa kwa huzuni ya kweli, kisha akasema: "Raundi isiyomalizwa si raundi."

Sasa msibani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kazi ya mtani kwenye matanga ni kumrudisha marehemu kidogo ili watu wamcheke kabla hawajamwacha. Salumu alikuwa amekatia mkonge Kongowe miaka mingi kabla ya kuoa Kisarawe, akamjua Mwinyimadi kama anavyoujua mfuko wake. Alivaa kofia ya marehemu. Alitembea peku na kidole kimepinda. Alivuta pumzi puani mara mbili, watu wakagutuka, kisha akamgeukia mchimba kaburi akamfokea: "Shimo gani pana hivi? Hili hata Meneja atalitia!" Watu walicheka huku wanalia. Halafu akaingia ukumbini, akaitwaa ile fimbo ya kumalizia iliyotoka mikononi mwa marehemu, akasimama nayo mlangoni.

"Hii nimeiteka! Mkitaka ndugu yenu alale, nikomboeni!"

Kila mtu alijua kinachofuata. Mtani hupewa kuku, au kipande cha kanga, au hata sindano. Hurudisha alichoteka, na maiti husindikizwa. Lakini kaka wa marehemu, Mwishehe, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa mcha Mungu kiasi cha kuchosha, aliitazama fimbo akaona kijiti chenye chuma.

"Kaa nacho," alisema. "Hayo ni mambo ya jahilia. Tuna maiti hapa."

Mke wa marehemu, Mwanakheri, alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Wengine hawakuthubutu kumvuka Mwishehe. Jeneza likapita, na Salumu akabaki mlangoni na fimbo mkononi, kama mtu aliyetoa salamu isiyoitikiwa.

Kuirudisha bure hakuweza: ingekuwa kutangaza kwamba Mwinyimadi hakuwa na thamani hata ya sindano. Kuitupa ndiyo kabisa. Akaenda nayo Kisarawe, akaiweka nyuma ya mlango. Na mchanga ukaanza.

Siku iliyofuata ulikuwepo tena. Salumu akaifunga fimbo kwenye boriti, juu, kwa mafundo ya kufungia mzigo ambayo babu zake walitoka nayo Tabora. Asubuhi mafundo yalikuwa vilevile na mchanga ulikuwa chini yake, mbichi, unanuka oili. Wiki moja baadaye, saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, Salumu amekaa uani anamenya muhogo, akasikia nyuma ya mlango pumzi ikivutwa puani. Mara mbili. Kisha ukimya. Akasubiri mlio wa fimbo kugonga mpira. Haukuja. Ule usiokuja ndio uliomvunja. Alikaa anausubiri mpaka muhogo ukakauka mkononi.

Tangu hapo aliogopa kinywa chake. Alikwenda msiba wa Wazaramo palepale Kisarawe, watu wakamwachia nafasi katikati wakimngoja aanze, naye akatoa pole kama karani na kuketi. Wafiwa waliudhika.

"Kuna chochote bado kitamu kwako?" Biubwa alimwuliza usiku ule. "Hulali, hutanii, unauangalia mlango kama mkwe. Basi mmoja aondoke, wewe au mti."

"Mwanakheri yuko edani. Kaka mtu hataki. Nani anikomboe?"

"Eda ina mwisho. Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora hawakulalamika, wewe kijiti kimoja kinakushinda! Ngoja eda iishe, ukibebe ukakitue."

Eda ilipokwisha, Salumu alidandia lori la mkaa, akashuka Kongowe asubuhi. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Kondo, aliyeajiriwa kusawazisha mchanga wa mashimo kila jioni kwa ubao mrefu. Kondo aliitazama fimbo, akarudi nyuma hatua.

"Hee, mtani. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Njoo uone."

Alimpeleka shimo la tisa. Mchanga ulikuwa laini kama ngozi ya ngoma, isipokuwa kando ya shimo palikuwa na nyayo mbili, sambamba, za mtu aliyesimama peku. Kidole gumba cha kushoto kimepinda nje. Hapakuwa na unyayo mwingine wa kuja wala wa kuondoka.

"Kila asubuhi," alisema Kondo kwa sauti ya chini. "Nasawazisha jioni, asubuhi amesimama. Wazungu wanadhani ni mimi nawachezea. Leo sijazifuta. Nimechoka kumfuta mtu."

Salumu aliinama. Alikuwa ameona kipande cha mkonge kimechomekwa mchangani, mkono mmoja kutoka shimoni.

"Pale ndipo mpira ulipokuwa," Kondo alisema. "Nilipawekea alama siku ileile, kabla hatujambeba."

Wakaenda pamoja nyumbani kwa Mwishehe. Mwalimu alikuwa barazani na kitabu pajani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na kijiti chako?"

"Si changu, mwalimu, ndiyo shida. Nikomboeni. Sitaki kuku, sitaki kanga. Nipe hata ukoko."

"Salumu, marehemu yuko kwa Mola wake. Hachezi gofu."

"Kamwambie yeye, mwalimu. Mimi nimeshamwambia."

"Toka na ushirikina wako! Nilikataa siku ya maiti, leo ndiyo nikubali? Watu watasema nini?"

Pazia la mlango likasogea, akatoka Mwanakheri. Alikuwa amekonda, na aliyabana macho juani kama mtu aliyetoka kisimani.

"Shemeji Salumu," alisema, "siku ile nilikusikia kwa ndani. Ulipovuta ile pumzi nilisimama nikitaka kumpakulia chakula. Wanawake wakanikalisha." Akaitazama fimbo. "Nimeisikia tena, kila siku. Nilidhani ni mimi tu."

"Si wewe tu, shemeji."

"Mke wa marehemu," Mwishehe alianza, "mambo haya..."

"Shemeji, dua zako zote nimeziitikia, na nitaziitikia. Hili si la dua. Hili ni la utani, na uliliacha mlangoni." Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa mpira mmoja mweupe uliochubuka. "Kondo aliniletea siku ileile. Sina kuku, wote waliliwa matangani. Mtani, nakukomboa kwa huu."

Salumu akaupokea mpira kwa mikono miwili, akampa fimbo kwa mikono miwili. Ilikuwa imekwisha. Angeweza kurudi barabarani kutafuta lori. Lakini walitazamana, mmoja na fimbo, mwingine na mpira, na kila mmoja aliona alichoshika hakina maana bila cha mwenzake.

"Twende," alisema Mwanakheri.

Mwishehe aliwafuata hadi kiwanjani akikataza njia nzima.

Mwanakheri alivua viatu ukingoni. Akaingia mchangani, akaweka nyayo zake ndani ya zile nyayo, zikampwaya. Salumu akauweka mpira alipong'oa kile kipande cha mkonge.

"Sijui inavyoshikwa," mwanamke alisema.

Salumu akasimama mbele yake, mikono mitupu, akamwiga marehemu kwa mara ya mwisho: mabega, magoti, kichwa kilichoinama kama kinachosoma ardhi. Safari hii hakucheka mtu. Mwanakheri akafuatisha. Pumzi ikavutwa puani, mara mbili, fupi fupi. Kondo akamtazama Salumu, na Salumu akatikisa kichwa: mdomo wake, na pua yake, vilikuwa vimefungwa kwa kiganja chake mwenyewe.

Kisha ukaja ule mlio.

Mpira ulibiringika polepole, kama mtu mzima asiye na haraka, ukaangukia ndani ya kopo lililozikwa shimoni, kodo! Wote wanne waliusikia.

"Thelathini na tatu," alinong'ona Kondo.

"Alhamdulillahi," alisema Mwishehe, kisha akakumbuka kuwa alikuwa anapinga.

Salumu akapiga magoti kuchukua mpira wake. Ulikuwa wake kihalali, fidia ya utani, na alitaka kumwonyesha Biubwa. Akatia mkono ndani ya kopo hadi kifundo. Akapapasa. Akalichomoa kopo zima, akaligeuza, likamwaga mchanga kidogo mweusi. Kondo akachimbua kwa mikono pale lilipokuwa. Hakukuwa na kitu.

Halafu Salumu akaanza kutikisika mabega, na Mwanakheri akadhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka, kile cha zamani, cha tumboni, kisichokuwa kimemtoka tangu mchanga uanze.

"Mzaramo mwizi!" alipiga kelele akiwa magotini. "Amekombolewa, kisha kaninyang'anya ukombozi! Mtani wangu weee! Hata asante!"

Mwanakheri naye akacheka, kiganja mdomoni, machozi yakimshuka. Alirudi nyuma kutoka pale aliposimama, na ndipo Kondo alipomshika Salumu bega na kumwonyesha chini.

Zile nyayo hazikuwa mbili tena. Ya tatu ilikuwa mbele yake, na ya nne, na ya tano, kidole kimepinda nje, zikivuka mchanga kwa hatua za mtu aliyemaliza kazi. Mwishehe akazifuata kwa macho akisoma chini chini, akitazamia zielekee makaburini.

Hazikuelekea makaburini. Zilipofika ukingoni ziliingia nyasini, na umande uliobaki kivulini ukapondeka hatua baada ya hatua, moja kwa moja hadi kwenye ngazi za klabu, ambako katibu alikuwa ameketi peke yake chini ya ubao wa mabingwa, anakunywa chai.